Kidole Changu Chatangulia Jikoni kwa Mkwe

Mlioniacha wiki jana nikiwa nimejipigilia suruali kwenye kochi la mteja kwa bunduki ya pini, poleni kwa kungoja. Nilitoka. Suruali ilibaki. Mteja alilichukua kochi hivyohivyo, na nasikia wageni wake huuliza kile kitambaa cha bluu pembeni ni mtindo wa wapi.

Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo yangu si mengi. Naitwa Shahati. Mama alizika wavulana wawili kabla yangu, akanipa jina hili ambalo kwetu ni ombaomba, ili jicho la hasidi likinitazama lione hakuna cha kuchukua. Hasidi kweli walinipita. Mkosi ndio ulionijua kwa jina.

Nafanya kazi katika karakana ya samani ya Haji Shirbini, hapa Dumiati, ambako nyumba isiyo na fundi seremala basi ina mjane wa fundi seremala. Nampenda Inshirahi. Baba yake, Usta Rizki, ndiye fundi mkuu wa misumeno pale pale karakana, na ana vidole saba. Vitatu vililiwa na msumeno, kila kimoja kwa mwaka wake.

Siku niliyokwenda kuposa, Usta hakuniuliza nyumba wala ukoo. Alinishika mikono, akaigeuza, akahesabu vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayechagua bamia sokoni.

"Kumi," akasema.

"Kumi, Usta."

"Mwenye kumi nampa binti yangu. Mwenye tisa simpi hata maji ya kunawa. Na siku ya kufunga ndoa nitahesabu tena."

Watu wote wakacheka. Yeye hakucheka. Tukasoma Fatiha, na tangu siku hiyo nikawa nafanya kazi nimekunja ngumi, jambo lisilowezekana kwa seremala. Ndiyo maana viti vyangu vya mwaka huu vyote vinachechemea.

Sasa sikilizeni yaliyonifika siku ya ndoa yenyewe.

Haji Shirbini ana mali, lakini kumtoa kitu mkononi ni kazi ya watu wanne na winchi. Wiki ya ndoa yangu ukafika bandarini msumeno wake mpya wa mkanda, ule ambao wembe wake ni ukanda wa chuma wenye meno, unazunguka juu ya magurudumu mawili. Nasema mpya kwa heshima tu. Waitaliano walishautumia mpaka wakauchoka, ndipo wakatukumbuka.

Kwetu mashine haianzi kazi hivihivi. Huchinjwa mnyama mbele yake, watu wakachovya viganja kwenye damu wakavipiga kwenye chuma, vidole vitano vya kumchoma hasidi jichoni. Haji akaniita ofisini.

"Shahati, mwanangu. Alasiri tunauzindua msumeno. Magharibi tunakuoza. Kondoo mmoja."

"Mmoja, Haji? Kwa shughuli mbili?"

"Nyama ni ileile, wageni ni walewale, vigelegele ni vilevile. Wewe utakula kondoo wangapi?"

Nikasema Mungu akuzidishie, Haji. Yaani niligawana kondoo wa harusi na msumeno, na bado nikashukuru. Ndivyo nilivyo.

Alasiri ikafika. Uani pamejaa watu, mpiga ngoma yupo, dada zake Haji wapo juu ya baraza na vigelegele vyao. Mimi nimevaa suti ya kuazima na viatu vipya vyeusi vinavyong'aa hata mwenyewe naviogopa.

Rafiki yangu Dimirdashi, fundi umeme wetu, alikuwa amechuchumaa nyuma ya msumeno, amenuna.

"Haji, mashine hii isiwashwe leo. Waya wa ethi bado sijaufunga."

"Waya wa nini?"

"Wa ethi. Umeme ukivuja kwenye chuma, huo waya unaupeleka ardhini, usimpige mtu."

"Umeme nimeulipia mimi," akasema Haji, "halafu niupeleke ardhini? Washa, bwana! Damu inakauka."

"Basi angalau teremsheni kifuniko cha wembe."

"Kipandishe kabisa. Wageni wamekuja kuona meno, hawakuja kuona kifuniko."

Kondoo akachinjwa. Wafanyakazi wakapanga mstari, kila mmoja akachovya kiganja akakipiga kwenye msumeno uliozimwa, pa, pa, pa, mpaka ile rangi ya kijani ya Waitaliano haikuonekana tena. Usta Rizki naye akapiga chake, vidole viwili na gumba, kwa sababu mkono wake wa kulia ndio ulioumia zaidi. Kisha Haji akanyanyua mikono.

"Wa mwisho ni wa bwana harusi! Na yeye atapiga mashine ikiwa inaimba! Dimirdashi, washa!"

Dimirdashi akanitazama, akawasha shingo upande. Mimi nikatazama viatu vyangu. Chini palikuwa na dimbwi, damu na maji ya kuoshea, na mimi nikaona akili nyingi zaidi ni kuviokoa viatu. Nikavivua. Nikavipanga vizuri pembeni, soksi ndani. Nikaingia dimbwini peku, mkono wa kulia unachuruzika damu, nikaelekea kwenye chuma chenye umeme unaovuja.

Fundi miaka kumi na miwili, nawaambia. Si mtoto.

Nikapiga kiganja kwenye boksi la swichi.

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri kwa sababu sikuwepo. Mwili ulikuwepo, mimi nilikuwa mahali pengine pa rangi nyeupe. Meno yalifungana, goti likapanda kifuani, nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Kisha umeme ukanitupa, na mkono katika kurushwa ukapita penye wembe.

"Shahati anacheza!" akapiga kelele Haji.

Mpiga ngoma akaongeza mwendo. Vigelegele vikapaa. Mimi nipo chini narusha miguu, na watu wamenizunguka wananipigia makofi, wengine wananisifu kwamba kumbe kijana ana kiuno. Walinitupia hata waridi.

Dimirdashi peke yake hakupiga makofi. Akazima swichi kuu, akapita katikati ya watu, akanikamata kwapani kana kwamba na yeye anacheza.

"Umeumia?"

"Sijui."

"Nionyeshe mkono."

Nikauonyesha. Ulikuwa mwekundu wote, na kila mkono pale uani ulikuwa mwekundu, kwa hiyo haukusema kitu. Dimirdashi akaanza kuhesabu kwa kidole chake, na alipofika kidole cha mwisho akakuta nusu. Akageuka akatazama meza ya msumeno. Pale, kwenye damu ya kondoo, kilikuwa kimelala kipande cha kidole changu, pingili ya juu na ukucha wake. Jana yake nilikuwa nimeukata vizuri huo ukucha kwa ajili ya harusi.

"Yaa Latifu," akasema.

"Usiseme kitu."

"Wewe una wazimu? Twende hospitali! Kinashoneka hicho, ila kiwekwe kwenye baridi na tuwahi."

"Usta atahesabu."

"Na ahesabu! Atakuta tisa na nusu!"

"Dimirdashi, kaka yangu, kwa haki ya chumvi tuliyokula. Nimemngoja msichana huyu miaka mitatu. Kufunga ndoa ni kitendo cha kufumba na kufumbua. Nafunga, tunakwenda."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sifi. Naoa."

Hapo Usta Rizki akatujia, ametabasamu kidogo, jambo la nadra kama mvua ya kiangazi. Akanipiga bega.

"Sikujua unajua kucheza."

"Hata mimi, Usta."

"Kanawe. Magharibi ikipita nakungoja nyumbani."

Damu yangu ilikuwa inamdondokea kiatuni, na yeye akaifuta kwa karatasi akisema kondoo huyu alikuwa na afya.

Tukajifungia stoo. Dimirdashi alikiosha kile kipande kwa maji ya chupa, akakifunga kitambaa safi, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye kopo la barafu alilolipora kwa muuza sharbati. Mimi alinifunga kwa shashi na utepe wa umeme, akakaza mpaka nikaona nyota za mchana.

Nikanyoosha mkono. Vidole vinne virefu na kimoja kifupi. Hata kipofu angeona.

"Imekwisha," nikasema, na machozi yakanitoka, si ya maumivu. Umeme ulikuwa umeyatia ganzi maumivu. Nililia kwa sababu nilimwona Inshirahi anaolewa na mtu mwenye vidole kumi asiyejua hata kushika randa, karani wa benki pengine.

Halafu nikakiona kikapu cha vipande vya zani, ule mti mweupe tunaochongea miguu ya viti. Ndugu zangu, mtu hakai kwenye samani miaka kumi na miwili bure.

"Dimirdashi, nichongee kidole."

"Nikuchongee nini?"

"Mimi mkono mmoja siwezi. Chukua kipande hicho, kichonge, kisugue kwa msasa laini, juu yake zungusha plasta. Tukiulizwa, nimechomwa na kibanzi."

"Mimi ni fundi umeme!"

"Leo umepanda cheo."

Akachonga. Kilitoka kinene kidogo, kimepinda, kama kidole cha mzee mwenye baridi yabisi. Tukakipachika juu ya jeraha, na hapo ndipo maumivu yalipokumbuka kazi yao. Tukazungusha plasta. Nikanyoosha mkono: vitano. Nikafurahi, mjinga mimi, nikavaa viatu vyangu vinavyong'aa tukaenda.

Nyumba ya Usta ipo nyuma ya karakana, ghorofa ya pili. Sebuleni maadhuni, yaani shehe wa kufungisha ndoa, alikuwa keshakaa, mzee mnene mwenye sauti tamu na asiye na haraka hata kidogo. Usta akaninyooshea mikono mbele ya watu wote.

"Tuone."

Nikaiweka mikono yangu juu ya yake. Moyo unanipiga mpaka tai inaruka. Akaanza kushoto, akamaliza. Akahamia kulia. Gumba. Shahada. Cha kati. Cha pete. Kwenye cha mwisho akakwama.

"Hiki kina nini?"

"Kibanzi, Usta."

"Kibanzi cha mti gani?"

"Zani," nikasema. Walahi sikudanganya.

"Kumi," akasema Usta, na ukumbi mzima ukapumua. Mimi sikupumua.

Wakati huo Dimirdashi, kwa hofu barafu isiyeyuke, alikuwa amejipenyeza jikoni kwa wanawake na kulisukuma lile kopo ndani ya jokofu, kati ya jibini na ndimu. Hakumwambia mtu. Alidhani siku ya harusi hakuna anayefungua jokofu. Fundi umeme huyo, na hajui jokofu linafunguliwa kila dakika.

Aliyelifungua alikuwa Inshirahi.

Mimi nilikuja kuyajua hayo baadaye. Nilichoona ni kwamba kabla maadhuni hajaanza, Inshirahi alisimama kwenye mlango wa sebule, gauni jeupe, uso umepauka, amenikazia macho. Nikadhani ni haya ya bibi harusi.

"Shahati," akasema, "una neno la kuniambia?"

Watu wakacheka, wakasema loo, bibi harusi ana haraka. Mimi mkono unawaka moto, masikio yananivuma, na jibu lililonijia mdomoni, Mungu anisamehe, ni hili:

"Nina njaa."

Wakacheka zaidi. Inshirahi hakucheka. Akarudi jikoni.

Maadhuni akaanza hotuba. Akamshukuru Mungu, akamswalia Mtume, akatueleza haki za mke. Akatueleza haki za mume. Akaingia haki za jirani. Dimirdashi, aliyekaa nyuma yangu, alikuwa ananong'ona, "Kinakufa hicho, kinakufa," na maadhuni akadhani ni mtu anayeitikia dua, akazidi kunogewa.

Hatimaye akasema, "Shikaneni mikono."

Usta akanipa mkono wake wa kulia, mimi nikampa wangu, gumba kwa gumba, kama desturi. Maadhuni akatandaza leso nyeupe juu ya mikono yetu. Usta mkono ule ana vidole vitatu tu, lakini vitatu hivyo vimeshika mbao miaka arobaini. Akakaza.

"Sema baada yangu," maadhuni akamwambia Usta. "Nimekuozesha binti yangu aliyenipa uwakili, Inshirahi, mwanamwali, mtu mzima..."

"Nimekuozesha binti yangu aliyenipa uwakili, Inshirahi..." Na kwa kila neno akawa anakaza, kwa mapenzi, maskini, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumlowa. Mimi jasho linanimwagika shingoni. Akamaliza maneno yake yote.

"Na wewe, Shahati, sema: nimekubali."

Nikafungua mdomo. Chini ya leso kitu kikasema *tk*.

Nilihisi vidole vitatu vya Usta vikipapasa, taratibu, kama anavyopapasa ubao kutafuta fundo. Akatoa mkono chini ya leso. Katikati ya kiganja chake palikuwa na kipande cha mti chenye plasta. Akakigeuza. Akakinusa.

"Zani," akasema.

Leso iliyobaki juu ya mkono wangu ikaanza kuwa nyekundu katikati, na ule wekundu ukatambaa mpaka kwenye pindo.

Kelele zilizofuata siziwezi. Mama mkwe alizimia, dada zake Haji wakapiga vigelegele kwa mazoea, maadhuni akafunga kitabu chake. Haji Shirbini alikuwa kwenye sahani ya fata, wali na mkate na ile nusu yangu ya kondoo. Akasimama na kijiko mkononi.

"Kwangu hajaumia mtu! Alikuwa anacheza, mliona wote alikuwa anacheza!"

"Alikuwa anapigwa na umeme wako!" akapayuka Dimirdashi. "Nilikwambia ethi haijafungwa! Nilikwambia kifuniko kiteremshwe!"

Nikamtazama Usta. Nilingoja anipige. Ningependa anipige, tungemaliza. Yeye alikiweka kile kipande cha zani mfukoni, akanishika mkono wangu mbovu kwenye kifundo, akaunyanyua juu ya kichwa changu.

"Gari," akasema. "Sasa hivi."

Lilikuwa pikapu la kubebea makabati. Nyuma tulipanda sisi sote: mimi, Usta, Dimirdashi, maadhuni kwa sababu hakuwahi kushuka kwenye msongamano, na Inshirahi. Alikuwa amekaa kwenye kona na gauni lake jeupe, lile kopo amelipakata mapajani kwa mikono miwili. Hakunitazama hata mara moja.

Usta aliushikilia mkono wangu juu njia nzima.

"Inua, mbwa wewe. Usiushushe."

"Samahani, Usta."

"Unajua kwa nini nilihesabu? Kila kidole changu kilichokwenda, mke wangu alikilia kuliko mimi. Cha tatu nilimkuta anakilia usingizini. Nikasema binti yangu halii hivyo. Sikuwa na jingine."

"Samahani, Usta."

"Nyamaza. Wewe si mzembe. Ni mpumbavu, lakini si mzembe. Umeme haumwulizi mtu ni hodari au la." Kisha akamgeukia maadhuni. "Shehe, ile ndoa inasemaje?"

"Haijasimama. Wewe umeozesha, yeye hajakubali, na kikao kimevunjika. Ni kuanza upya."

"Basi tutaanza upya."

Niliposikia hivyo nilitaka kumbusu yule mzee kwenye kila pengo la mkono wake. Nilisahau kidole, nilisahau umeme, nilicheka kwa sauti. Dimirdashi akasema damu imenipungua kichwani.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiye na mzaha. Inshirahi akamkabidhi kopo.

"Kidole chake hiki."

Daktari akafungua, akakitazama chini ya taa, akanitazama mimi na suti yangu. "Mmekikawiza. Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

"Nilikuwa naoa," nikasema.

"Hajaoa," akasema Dimirdashi.

"Mkato ni safi. Najaribu, siahidi." Akanilaza, akanichoma sindano ya ganzi mkononi, akavaa kioo cha kukuzia. "Nisikilize vizuri. Mshipa ninaoushona ni mwembamba kuliko uzi wa buibui. Ukisogea unakatika, na ukikatika hakuna wa kuupata tena. Hata kukohoa usikohoe."

"Sisogei, Daktari. Hata nzi akitua."

Akaanza. Mimi nilikuwa macho, sisikii maumivu, nasikia tu kuvutwavutwa. Usta akapiga magoti upande wangu wa pili, akanishika mkono wa kushoto. Maadhuni akasimama mlangoni.

"Sharti mkono wa kulia," akasema maadhuni.

"Wa kulia una kazi," akasema Usta. "Endelea."

"Hapa ni chumba cha kushona au ukumbi wa harusi?" akauliza daktari bila kuinua kichwa.

"Neno moja tu, Daktari, Mungu akuweke. Tulia, Shahati. Nimekuozesha binti yangu aliyenipa uwakili..."

"Baba."

Inshirahi alikuwa amesimama nyuma ya maadhuni. Gauni lake lilikuwa limelowa mapajani pale kopo lilipokuwa.

"Baba, nilikupa uwakili uniozeshe. Nimeuchukua tena."

"Umeuchukua? Sasa?"

"Sasa."

Usta aliniachia mkono. "Binti, mimi nimeshamsamehe! Kidole ni umeme, si yeye!"

"Wewe ndiye uliyekuwa unahesabu vidole, Baba. Mimi sikuhesabu. Ningemchukua na saba, kama mama anavyokaa na wewe." Sasa akanitazama, na afadhali asingenitazama. "Nilifungua jokofu nikakikuta kidole chako, Shahati. Nilidhani umekufa. Nikaja mpaka mlangoni, nikakuona mzima, nikakuuliza una neno la kuniambia. Mbele ya watu wote. Ungesema 'naumwa' tu. Ukaniambia una njaa."

"Inshirahi, niliogopa nisikukose..."

"Ulikuwa unatokwa damu na mimi nakatakata ndimu jikoni. Ndiyo maisha uliyonitakia? Uwe unaumia huko mashineni, ajue Dimirdashi, wajue wote, mimi uje uniombe chakula?"

"Nisamehe. Nitasema. Kuanzia leo nitasema kila kitu, hata nikijikwaa nitasema."

"Umechelewa kusema."

Akavua pete niliyomvisha siku ya posa, akamwekea maadhuni mkononi, na maadhuni akaipokea kwa sababu hakujua afanye nini. Inshirahi akageuka kuondoka.

"Usisogee," akasema daktari. "Nimefika kwenye mshipa."

Viatu vyake vilisikika kwenye korido, vinakwenda.

"Lala, mwanangu," Usta akaniambia. "Namjua. Atarudi."

"Hatarudi huyo," akasema Dimirdashi, ambaye hajawahi kujifunza kunyamaza.

Nikasikia mlango wa ngazi ukifunguliwa.

"Bwana, nakwambia usisogee!"

Nikasogea.